Parokia Inapojenga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Upanuzi wa Kanisa na Ukarabati wa Shule

Tangazo likishasomwa mwisho wa Misa kwamba parokia inapanua kanisa na kukarabati shule, maswali huanzia mlangoni, yakaendelea kwenye jumuiya na kumalizikia kwenye kundi la WhatsApp la kwaya. Mengi ni maswali halali na yana majibu: mengine yamo katika Sheria za Kanisa za 1983, mengine katika sheria za nchi, na mengine anayajua yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya ujenzi hadi saa nne usiku akibishana kuhusu bei ya nondo. Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya parokia za Tanzania. Kwa wasomaji wa Kenya na Uganda, ya Kanisa ni yaleyale. Ya serikali waulizie kwao.

Kanisa letu hujaa Pasaka na Noeli tu. Kuna haja gani ya kupanua?

Kama ni Pasaka na Noeli tu, haja hakuna. Kodini maturubai na viti, fedha iende shuleni. Kipimo cha kweli ni Dominika za kawaida, zile zisizo na ubatizo wala kipaimara. Watu wakisimama nje ya madirisha Dominika hizo, mwezi baada ya mwezi, hapo kuna tatizo.

Si tuongeze Misa?

Lijaribuni hilo kwanza, ila mjue mwisho wake. Kwa kanuni ya 905 ya Sheria hizo za Kanisa, padre husherehekea Misa moja kwa siku. Askofu anaweza kumruhusu mbili palipo na upungufu wa mapadre, na tatu siku za Dominika na sikukuu za amri pale uhitaji wa kichungaji unapodai. Sasa toeni katika idadi hiyo Misa za vigango, yaani vituo vya parokia vilivyo mbali na kanisa la makao makuu. Parokia yenye mapadre wawili na vigango vinane haina Misa nyingi za kuongeza makao makuu.

Kuna njia ya tatu ambayo kamati husahau kwa sababu haina utukufu wa mnara: kukiimarisha kigango kikubwa mpaka kiweze kuwa parokia. Kama nusu ya wanaosimama nje wanatoka upande mmoja wa mji, pengine kanisa linalohitaji kujengwa liko huko kwao, wala si hapa.

Nani anaamua? Paroko anaweza kuamua peke yake?

Hapana. Halmashauri ya Walei, yaani baraza la waamini wasio mapadre wala watawa, haiwezi peke yake, na mfadhili mwenye fedha zake hawezi pia. Paroko ndiye anayeiwakilisha parokia katika mambo ya kisheria (kanuni ya 532), lakini kila parokia lazima iwe na kamati ya fedha ya kumsaidia kusimamia mali (kanuni ya 537). Hilo ni agizo, paroko hachagui kuwa nayo au kutokuwa nayo. Kujenga kanisa jipya kunahitaji idhini ya wazi ya maandishi ya askofu wa jimbo, naye haitoi kabla ya kusikiliza baraza la mapadre na wasimamizi wa makanisa ya jirani, na kuridhika kwamba fedha za kujenga na za kuendeshea ibada hazitakosekana (kanuni ya 1215). Upanuzi mkubwa nao hupelekwa kwake, kwa sababu matumizi yanayovuka mipaka ya usimamizi wa kawaida yanahitaji ruhusa yake ya maandishi.

Jambo dogo lenye uzito: ruhusa ya mdomo haitoshi. “Baba Askofu alisema sawa alipokuja kipaimara” si kibali.

Na serikali je?

Kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri ya mji, manispaa au wilaya, kwa michoro iliyoandaliwa na wataalamu waliosajiliwa. Wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi wana bodi yao, wahandisi yao, makandarasi yao. Jengo la kukusanya mamia ya watu litahitaji pia jicho la Zimamoto: milango mingapi, inafunguka kuelekea wapi, watu watatokaje umeme ukikatika. Kwa shule, ukitaka kuongeza mkondo, kuanzisha bweni au kufungua kidato cha tano, kuna kibali cha Wizara ya Elimu, na Wathibiti Ubora wa Shule watakuja kuangalia kabla. Zipo shule zilizojenga bweni zuri likakaa tupu kwa kukosa karatasi hiyo moja.

Kiwanja ni cha nani?

Kwa jina, ni cha wadhamini waliosajiliwa wa jimbo. Parokia inakitumia na kukitunza. Kwa hiyo kabla ya kuchimba msingi, paroko aende jimboni akaione hati, na mpima ardhi aje aonyeshe mawe ya mipaka. Viwanja vya misheni vya zamani vilikuwa vikubwa na uzio haukuwepo. Leo mabawa mapya ya kanisa yanaweza kuangukia kwenye ua wa mtu aliyejenga miaka 20 iliyopita. Ni heri kulijua hilo wakati bado mna kamba na vigingi tu.

Tuanze na kanisa au shule?

Hapa watu hugombana kweli. Maoni yangu ni kwamba tuanze na kile kinachoweza kumuumiza mtu: paa la darasa linalovuja mpaka kenchi zimeoza, ukuta wenye ufa unaopitisha kidole, shimo la choo linalotitia. Hivyo havisubiri harambee. Vinafuata vyoo na maji, halafu madarasa, kisha upanuzi wa kanisa. Mnara wa kengele uwe wa mwisho, na kama fedha imeisha, kengele hulia vizuri tu ikitundikwa kwenye fremu ya chuma.

Wapo wanaosema nyumba ya Mungu itangulie. Nawaheshimu, na parokia nyingi zimefanya hivyo bila kujuta. Ila mtoto wa darasa la pili anayekatisha uwanja kwenye mvua kutafuta choo, naye ni wa parokia.

Shule ya jirani na kanisa ina jina la mtakatifu, lakini watu wanasema si yetu. Ukweli ni upi?

Huenda kweli si yenu. Shule nyingi za mashirika ya dini zilitaifishwa kufuatia Sheria ya Elimu ya 1969, seminari ziliachwa. Pugu, ambako Mwalimu Nyerere alifundisha kabla ya kujiuzulu mwaka 1955, ilikuwa shule ya Kanisa Katoliki na sasa ni ya serikali. Baadaye, mwaka 1992, serikali na Makanisa walitia saini Hati ya Makubaliano kuhusu huduma za jamii, na shule nyingi za Kanisa tunazoziona leo zimejengwa katika miongo ya karibuni. Kwa hiyo parokia kongwe inaweza kuwa na shule ya serikali upande mmoja wa njia na shule yake yenyewe upande wa pili. Michango ya waamini iliyotangazwa kwa ajili ya “shule ya parokia” iende kwenye hiyo ya pili. Kuisaidia ya kwanza ni tendo jema, ila litangazwe kwa jina lake na kupitia kamati ya shule hiyo.

Makadirio yalisema kiasi fulani, sasa yamepanda. Kuna mtu anakula?

Inawezekana, na ndiyo maana mnapaswa kuuliza. Lakini zipo sababu za kawaida pia. Makadirio ya kwanza mara nyingi hufanywa kwa kuangalia mchoro tu, kabla udongo haujapimwa. Udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi, unadai msingi mzito kuliko udongo wa kichanga. Bei ya saruji na nondo haikai mahali pamoja, na mradi unaojengwa kwa sadaka za kila Dominika huchukua muda mrefu, kwa hiyo bei huupanda mgongoni. Kuna pia ugonjwa wa kuongeza mambo njiani: mtu mmoja anaomba balkoni ya kwaya, mwingine malumalu badala ya sakafu ya saruji, na hakuna anayeuliza bei.

Dawa yake ni BOQ (orodha ya vifaa na kazi zote pamoja na bei zake) ya mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa, iliyogawanywa kwa awamu, na kanuni moja ya kamati: badiliko lolote liandikwe, lipigiwe hesabu na kusainiwa kabla fundi hajagusa kitu.

Jumuiya yetu imepangiwa kiasi. Je, ni lazima?

Waamini wana wajibu wa kulitegemeza Kanisa (kanuni ya 222), na wajibu huo ni wa kila mtu kadiri ya uwezo wake. Kiasi kinachopangwa kwa jumuiya ni lengo la kupangia kazi. Jumuiya yenye wajane saba na vijana wasio na ajira haiwezi kulinganishwa na ile ya mtaa wa watumishi wa benki, na Halmashauri ya Walei inayogawa sawasawa haijafanya kazi yake. Semeni kwenye kikao. Anayeweza kutoa tripu ya mchanga, kuku, debe la mahindi au siku ya kubeba tofali, amechanga.

Nisipomaliza mchango, mtoto wangu atanyimwa ubatizo? Nikifa nitazikwa na nani?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, kwa hiyo jibu liwe la sauti ya juu: mchango wa ujenzi si bei ya sakramenti. Kanuni ya 848 inamkataza mhudumu kudai chochote zaidi ya sadaka iliyopangwa na mamlaka halali, na inamtaka ahakikishe wakati wote kwamba wahitaji hawanyimwi msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini. Kuhusu mazishi, kanuni ya 1181 inasema maskini wasikoseshwe mazishi wanayostahili. Kiongozi wa jumuiya anayeshika kadi ya michango mlangoni kwa mfiwa amekwenda nje ya kazi aliyotumwa. Mwoneni paroko, na ikishindikana, dekano, padre anayeratibu parokia kadhaa za jirani.

Nilitoa fedha kwa ajili ya kanisa, nasikia imenunua mabati ya shule. Inaruhusiwa?

Hairuhusiwi. Sadaka iliyotolewa kwa lengo maalumu itumike kwa lengo hilo tu (kanuni ya 1267). Nia ikiwa njema kiasi gani, haibadilishi kitu. Ndiyo maana inashauriwa kuwe na akaunti tatu: ya uendeshaji wa parokia, ya ujenzi wa kanisa, na ya shule, kila moja ikiwa na waweka saini zaidi ya mmoja. Ada ya wazazi nayo isijenge kanisa. Mzazi Mwislamu au Mlutheri anayemsomesha mtoto hapo alilipia masomo. Kama mnataka uhuru wa kuhamisha, semeni tangu mwanzo, kabla bakuli halijapita: “mchango huu ni kwa ajili ya majengo yote ya parokia”.

Tutajuaje fedha zimetumikaje?

Kwa kusomewa. Kanuni ya 1287 inawataka wasimamizi wa mali watoe hesabu kwa waamini kuhusu mali waliyoitoa. Taarifa nzuri inatosha ukurasa mmoja kwenye ubao wa matangazo: kilichoingia mwezi huu, kilichotoka na kimelipa nini, salio benki, deni dukani. Risiti ziwe za mashine ya EFD, ile ya kielektroniki ya kodi. Kitabu cha stoo kionyeshe mifuko ya saruji iliyoingia na iliyotoka, kwa sababu wizi wa ujenzi hupita stoo zaidi kuliko benki. Mtu mmoja asiwe ndiye anayenunua, anayepokea na anayelipa.

Anayeuliza hesabu asionwe mchochezi. Parokia ambayo hesabu husomwa bila kuombwa hupata michango kwa urahisi zaidi. Waulizeni waweka hazina wa jumuiya.

Mwenyekiti wa kamati ana shemeji mkandarasi hodari. Tumpe kazi?

Aombe kama wengine. Bahasha zifunguliwe mbele ya kamati nzima, na mwenyekiti atoke nje wakati shemeji anajadiliwa. Angalieni usajili na daraja lake, nendeni mkaone jengo alilolimaliza miaka mitatu iliyopita, si lile analojenga sasa. Na sehemu ya malipo izuiwe hadi kipindi cha matazamio kiishe, masika ipite juu ya paa kwanza.

Kupanua ni kuvunja ukuta wa pembeni tu, kwa nini tunahitaji mhandisi?

Kwa sababu ukuta huo ndio unaobeba paa. Makanisa mengi ya kimisionari yana kuta nene za mawe au tofali za kuchoma zisizo na nguzo za zege ndani. Ukitoboa matao makubwa bila kuubeba mzigo wa juu kwanza, paa linashuka. Msingi mpya pia hutulia kidogo kidogo baada ya kujengwa, wakati wa zamani ulishatulia miaka mingi, kwa hiyo mhandisi ataacha nafasi kati ya jengo jipya na la zamani. Msipoiacha, ufa utaitengeneza wenyewe.

Kuhusu umbo, jengo likirefushwa tu, wa nyuma watamwona padre kwa mbali mno. Mabawa mawili pembeni ya altare huwaweka watu karibu zaidi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya Liturujia (namba 124), ulitaka makanisa yajengwe yafae kwa ibada na kwa ushiriki hai wa waamini. Ushiriki hai unataka pia kusikia. Kanisa kubwa lenye malumalu, plasta ngumu na bati tupu hurudisha sauti mpaka somo la kwanza linageuka mvumo, na mvua ikinyesha hakuna homilia. Dari iwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo, kabla ya kipaza sauti kipya.

Msaragambo unaruhusiwa, au kila kitu ni mkandarasi?

Unaruhusiwa na unapunguza gharama: kusomba mawe, kuchimba mitaro, kumwagilia zege. Hilo la mwisho lisidharauliwe. Zege jipya linataka kuwekwa na unyevu kwa siku zisizopungua 7, na nguvu yake hupimwa siku ya 28. Jumuiya zikipeana zamu za asubuhi na jioni, mmeokoa nguzo. WAWATA (chama cha wanawake Wakatoliki) kupika, UWAKA (cha wanaume) kubeba, VIWAWA (cha vijana) kuchota maji ndio utaratibu uliozoeleka, ingawa sioni kwa nini wanaume wasipike. Kupanda juu ya kenchi, kuvunja kuta na umeme waachieni mafundi wenye vifaa vya usalama.

Wakati wa ujenzi Misa itakuwa wapi?

Ukumbini, darasani au chini ya turubai. Kanuni ya 932 inataka mahali patakatifu, isipokuwa uhitaji ukidai vinginevyo, na hapo mahali pawe pa heshima. Ekaristi ihamishiwe kwenye kikanisa cha masista au mahali pengine salama panapofungwa kwa ufunguo. Isiachwe kanisani kati ya ngazi na ndoo za rangi.

Altare ya zamani itafanywa nini?

Isivunjwe na fundi kwa nyundo siku ya Jumatatu. Altare iliyotabarukiwa huendelea kuwa takatifu, na huenda ina masalia ya watakatifu ndani yake. Paroko aulize jimboni kwanza. Maelekezo ya Misale ya Kirumi yanataka altare iwe mbali na ukuta, padre aweze kuizunguka na kuadhimisha akiwaelekea watu, na katika kanisa jipya ijengwe moja tu. Sanamu za thamani kwa umri, sanaa au ibada ya watu zinapohitaji kutengenezwa, zinahitaji ruhusa ya maandishi (kanuni ya 1189). Nimeona sanamu ya mbao ya kale ikipakwa rangi ya mafuta inayong’aa kwa nia njema kabisa. Rangi hiyo haitoki. Kama kanisa lenyewe ni la kihistoria, kama yale ya misheni ya Bagamoyo iliyoanza 1868, watu wa Mambo ya Kale nao washirikishwe kabla ya mwiko wa kwanza wa saruji.

Kanisa lililopanuliwa litatabarukiwa upya?

Si lazima. Kwa kanuni ya 1212, mahali patakatifu hupoteza hadhi hiyo pakibomolewa sehemu kubwa au pakigeuzwa kabisa kwa matumizi mengine. Kuongeza mabawa na kubadili paa hakufiki huko. Altare ikiwa mpya, hiyo itatabarukiwa, na Baba Askofu ndiye atakayeamua kama na jengo litatabarukiwa. Ikiwa hivyo, mtaona kuta zikipakwa mafuta matakatifu ya krisma mahali 12 au 4, na misalaba huwekwa hapo ikabaki.

Watoto watasoma wapi wakati shule inakarabatiwa?

Kwa awamu: madarasa mawili yanafungwa, mengine yanaendelea, na kazi za kelele na kubomoa zinapangwa likizo ya Juni na Desemba. Eneo la ujenzi lizungushiwe mabati, lori lisiingie saa za mapumziko, shimo lolote lifunikwe jioni.

Kama paa ni la zamani, waulizeni wataalamu kama ni la asbesto. Karatasi hizo zikivunjwavunjwa hutoa vumbi linaloharibu mapafu. Huondolewa zikiwa nzima, zikiwa zimeloweshwa, na watu wenye vifaa, wala hazigawiwi kwa waamini wakaezekee mabanda ya kuku.

Kwa vipimo, shule za msingi hupangiwa wanafunzi 45 kwa darasa, na vyoo tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Pigeni hesabu ya shule yenu leo, kabla ya kuzungumzia maabara ya kompyuta. Wekeni chumba cha wasichana chenye maji na mlango unaofungwa kwa ndani, na njia ya mteremko kwa mtoto wa kiti cha magurudumu.

Ada itapanda?

Ukarabati ulioanza kwa mkopo hupandisha ada karibu kila mara. Ulioanza kwa michango, si lazima. Tangu serikali ilipoanza elimu bila ada mwaka 2016, mzazi ana pa kwenda, na shule ya parokia iliyojipandishia ada kulipa riba hubaki na madarasa mapya na madawati matupu. Mkopo wowote mkubwa unahitaji ruhusa ya askofu, na kamati ijiulize nani atalipa iwapo wanafunzi watapungua.

Wafadhili wa nje hawawezi kumaliza yote?

Yapo mashirika ya Kikatoliki yanayosaidia ujenzi wa makanisa na shule, na maombi ya kwenda kwao hupita kwa askofu. Huuliza kwanza ninyi mmeweka nini, na kwa kawaida hutoa sehemu tu. Msisimamishe kazi kumngoja mzungu.

Itachukua muda gani?

Muda mrefu kuliko ulivyotangazwa. Kardinali Laurean Rugambwa alifariki Desemba 1997 akazikwa kwa muda Kashozi, kwa kuwa Kanisa Kuu la Bukoba lilikuwa likisubiri ukarabati. Mwili wake ulihamishiwa humo Oktoba 2012. Hilo ni kanisa kuu la jimbo. Parokia ya kawaida ipange kwa awamu ambazo kila moja ikimalizika inatumika hata kama inayofuata itachelewa, na ihakikishe jengo halilali bila paa wakati wa masika.

Tukishamaliza, michango imekwisha?

Ya ujenzi, ndiyo. Matunzo hayaishi, na kuyatengea fungu kila mwezi ni nafuu kuliko harambee nyingine. Kila paa jipya liwekewe mifereji na simtanki: paa la mita za mraba 600 likipokea mvua ya milimita 20 hushusha hadi lita 12,000, maji ya vyoo vya shule kwa siku kadhaa. Mifereji hiyo isafishwe Februari, kabla ya masika, na tena Septemba kabla ya vuli. Jina la mwenye zamu libandikwe sakristia, pamoja na ufunguo wa ngazi.